Karibu, Lakini Usikaribie

Umealikwa. Shemeji yako anayeishi Anchorage ametuma sauti ya dakika nne kwenye simu: njooni Juni, mje na watoto, mje na Bibi, tutawapeleka Denali tukatembee porini na kiongozi, familia nzima, kilomita chache tu. Sikiliza tena hapo pa "kilomita chache tu". Shemeji amekaa huko miaka minane. Magoti yake yameshapata uraia. Mwongozo huu ni wako wewe ambaye pori unalolijua ni lile linalopita dirishani basi la Iringa linapokatiza Mikumi, na hata hilo uliliona nusu kwa sababu ulikuwa umelala. Ufuate hatua kwa hatua. Hautakuokoa, ila utajua ni hatua ipi uliyokosea.

Anza kwa kujua unakokwenda. Hifadhi ya Taifa ya Denali, katikati ya Alaska, ilianzishwa mwaka 1917 na ina zaidi ya kilomita za mraba 24,000. Serengeti nzima ingeingia humo na chenji ikabaki. Unguja na Pemba zingeingia mara tisa. Ndani ya ukubwa wote huo kuna barabara moja. Ina kilomita 148, na gari la shemeji linaruhusiwa zile 24 za mwanzo tu, hadi mto Savage. Baada ya hapo mnapanda basi la hifadhi kama wanadamu wengine. Mwaka 2021 hata basi lilifupishiwa safari: mahali paitwapo Pretty Rocks, barafu iliyokuwa imeushikilia mlima kwa ndani ilianza kuyeyuka, kipande cha barabara kikawa kinateremka bondeni taratibu, leo kidogo, kesho kidogo, hadi wakaifunga karibu na nusu. Mtoto atakuuliza kwa nini wanyama wamepewa nchi nzima na watu wamepewa barabara moja, tena nusu. Jibu kwamba ndivyo ilivyo, kisha nyamaza. Ukianza kueleza utajikuta unamtetea mtu usiyemjua.

Sasa chagua matembezi. Yapo mepesi, yanayofuata njia iliyochongwa katikati ya misonobari karibu na kituo cha wageni, yakiisha mnakunywa kahawa. Na yapo yale ya kushuka kwenye basi katikati ya nyika na kutembea pasipo na njia, kikundi cha watu kumi hivi, siku ikaisha. Ya kwanza yameandaliwa kwa ajili ya familia kama yako. Utachagua ya pili. Kiongozi, ambaye ni askari wa hifadhi mwenye kofia ngumu yenye ukingo mpana, atakagua viatu vyenu kabla ya safari, na asiye na buti, koti la mvua, chakula na maji anabaki. Anakubakiza kwa tabasamu, na hilo ndilo linalouma. Raba nyeupe za mjomba hazitapita, hata akieleza zilinunuliwa wapi.

Kuhusu nguo, jifunze kwanza kwamba huko pamba ni neno baya. Pamba ikilowa hailegezi maji, na maji yanakula joto la mwili. Watembeaji wa kule huzungumzia fulana ya pamba kama watu wa kwetu wanavyozungumzia mtumbwi uliotoboka. Vaa sufu, au nguo za nyuzi za kiwandani, kwa tabaka tatu: ya kunyonya jasho, ya kutunza joto, ya kuzuia mvua. Theluji inaweza kuanguka mwezi wowote, Julai ikiwemo. Bibi atasikiliza maelekezo haya yote kwa makini, halafu atavaa gauni lake, sweta la marehemu Babu, na juu yake kanga mbili za pamba tupu. Ile ya nje imeandikwa Usisafirie nyota ya mwenzio. Kiongozi ataitazama kanga hiyo kwa huruma. Usibishane naye. Ikumbuke tu ile sura yake, tutaihitaji baadaye.

Na kuhusu nyota, usizitafute. Mwezi Juni mchana wa Denali huzidi saa 20, na jua huchwea baada ya saa sita usiku likiwa na haraka ya kurudi. Saa zetu za Kiswahili zilitungwa na watu walioliamini jua: likichomoza unaanza kuhesabu, ukifika kumi na mbili linazama, hesabu imefungwa. Mpango huo unafanya kazi vizuri sana ukikaa karibu na mstari wa Ikweta. Huko juu utamwona Bibi amekaa kitandani na tasbihi, pazia limefungwa, akiuliza kwa mara ya nne kama magharibi imeingia. Suala la sala mwachie shemeji, ameshaulizia. Lako ni watoto. Usithubutu kuwaambia watalala jua likizama. Wana masikio, na watakushikilia kwenye ahadi hiyo.

Ndani ya basi kuna sheria moja kubwa. Ukiona mnyama unapaza sauti basi lisimame, kisha unataja saa. Basi limegeuzwa uso wa saa: mbele kwa dereva ndipo kumi na mbili ilipo, kulia ni tatu, nyuma ni sita, kushoto ni tisa. Wenzako watashika mara moja. Hapa ndipo Mswahili anapopotea, kwa hiyo soma polepole. Kiongozi akisema kwa Kiingereza kwamba dubu yuko tisa, maana yake kushoto. Sasa, saa ya ukutani sebuleni kwa Bibi mshale mfupi ukifika kwenye tisa, Bibi anasema saa tatu. Ukimtafsiria "saa tatu", ataona mshale wake kichwani, atageuka kushoto, atamwona dubu. Lakini mtoto wa shemeji, aliyesomea huko, atatafsiri namba kama ilivyo: "Bibi, saa tisa!" Na Bibi, ambaye saa tisa mshale wake umeelekea tatu tangu alipoolewa, atageuka kulia, ambako hakuna mtu mwingine anayeangalia. Kwa hiyo mkalimani wa Bibi awe mtu mzima mwenye saa ya mshale mkononi. Watoto wasipewe kazi hiyo hata kwa dakika moja. Na usihuzunike, vituo vitatu vya kwanza vitakuwa mawe.

Mkishashuka, kiongozi atawapanga duara. Kila mtu ataje jina lake, anakotoka, na mnyama anayempenda. Ni lazima. Baba wa kutoka Ohio atasema mbwa mwitu. Binti yake atasema mbwa mwitu. Ikifika zamu yako, ukataja Tanzania, duara zima litakutazama kama uliyeingia na mkoba wa hela, na swali litakuja: nyumbani mna simba? Fahamu kwamba hili si swali. Wameshakubaliana kuwa unaye. Wanataka tu ujue jina lake. Ukisema kwamba simba unamwona kwenye runinga kama wao, utaharibu safari ya watu. Taja twiga wa Mikumi. Usitaje kwamba ulimwona ukiwa umeegemea kioo, na kwamba aliyekuamsha alikuwa kondakta.

Nunua kopo la pilipili. Ni pilipili kweli: ule mwasho wa pilipili kichaa umekamuliwa, ukatiwa kwenye kopo la kupuliza, kwa ajili ya macho na pua za dubu anayekuja kwa kasi. Linunue hukohuko, maana kwenye ndege halipandi, si begi la mkononi si mzigo wa chini. Livae kiunoni. Ndani ya begi, chini ya maandazi, halina faida kwa yeyote isipokuwa dubu. Halafu ulielewe jambo moja ambalo limewashinda wageni wengi waliokutangulia: hii si dawa ya mbu. Haipakwi mwilini, haipuliziwi kwenye nguo, haimkingi mtu kabla. Wapo waliojipulizia kwa nia njema kabisa, na wakayagundua mapito yote ya pumzi waliyojaliwa. Wewe umekulia kwenye pilipili, unadhani unaijua. Tazama upepo unakotoka kabla ya kubonyeza, na weka maji ya kunawa karibu na wewe, si karibu na dubu.

Kwenye vichaka vya mierebi, ambako huoni hatua tano mbele, unatakiwa kupiga kelele. Dubu hapendi kushtukizwa. Akisikia watu kwa mbali kwa kawaida hujiondokea. Wenyeji hupaza sauti "Hey bear!" kila wanapokata kona. Sisi tunalo neno la kazi hiyohiyo, limesugika kwa matumizi: hodi. Piga hodi kwenye kona. Piga hodi karibu na mto, kwa sababu maji yanameza sauti. Watoto watalipenda sana, na kufikia mchana baba wa Ohio naye atakuwa anapiga hodi. Tofauti na nyumbani ni moja tu. Nyumbani ukipiga hodi mara tatu usijibiwe, adabu ni kugeuka uende zako. Huko, kutojibiwa ndiyo ruhusa ya kuingia. Ukijibiwa ndipo unageuka. Utagundua pia kwamba umelipa nauli ya kuvuka nusu ya dunia kwenda kuona wanyama, na kazi yako ya kwanza ni kuwataarifu waondoke. Kila mtu kwenye kikundi ameligundua hilo. Hakuna anayelisema, na wewe usiliseme.

Msitu wenyewe uingie kwa heshima. Ni misonobari myembamba, mingine myeusi kwa mbali, imeinama huku na huku kama watu wanaotoka kwenye pombe. Wenyeji huuita msitu wa walevi. Lakini miti haijanywa kitu. Chini yake ardhi imeganda mwaka mzima, mizizi haiwezi kushuka, inatambaa juujuu, na ardhi ikivimba au ikiyeyuka mti unalala upande. Jambo la pili ni gumu zaidi kulipokea. Mti unaokufikia kiunoni, wenye shina la unene wa kifundo cha mkono wako, unaweza kuwa na zaidi ya miaka 100. Umeumbika hivyo kwa baridi, majira mafupi na njaa ya udongo. Sisi tumelelewa kumwamkia aliyetutangulia, kwa hiyo usishangae mwanao wa miaka sita akisimama mbele ya kijiti na kusema shikamoo. Mkubalie. Ila asisubiri marahaba, maana yuko Bibi nyuma yake ambaye anaweza kuijibu, akachukua heshima isiyokuwa yake.

Juu ya usawa wa miti ndiyo tundra inaanza, na hapa njia zinakwisha. Nasema zinakwisha nikimaanisha hazipo, na mtu wa kwanza atakayekuja kuchonga moja ni wewe, jambo ambalo limekatazwa. Msifuatane kama siafu. Watu kumi wakipita kwenye unyayo mmoja, majani yaliyochukua miaka mingi kuota yanakufa na njia inazaliwa, kisha mvua inaimalizia. Mtawanyike, kila mtu na mstari wake, mkienda mbele kama wavuvi wanaokokota juya. Ndivyo kiongozi atakavyosema saa nne. Saa nne na robo atasema msitawanyike, mkae pamoja, kwa sababu dubu hakisogelei ovyo kikundi kilichoshikamana. Zote mbili ni sheria. Zote mbili ni za hifadhi ileile. Zote mbili zina sababu nzuri. Wazoefu hutatua jambo hili kwa kumtazama kiongozi usoni na kuepuka lile analoonekana kuliogopa zaidi kwa wakati huo.

Ardhi yenyewe ni godoro lililoachwa nje mvua ya masika. Unakanyaga, linabonyea, unatoa mguu, linaufuata. Kuna mafundo ya nyasi yanayoyumba ukiyakanyaga juu na yanayokutegua ukiyakanyaga kando. Kuna vijito, na ushauri rasmi juu ya vijito ni kupita humohumo na buti zako na kuendelea. Utarukaruka juu ya mawe ili soksi zibaki kavu. Kila mtu hurukaruka kwenye kijito cha kwanza. Kuna kijito cha pili mita sitini mbele.

Sasa vumilia, tunafika kwenye kinyesi. Kiongozi atasimama ghafla, atachuchumaa, atawaita kwa sauti ya mtu aliyeokota lulu. Mtaunda duara la pili la siku hiyo, kubwa na la kimya kuliko la kwanza, mkizunguka punje za kahawia zenye umbo la kokwa za tende. Ni za moose, mnyama wa jamii ya kulungu mwenye ukubwa wa pofu na pembe kama makoleo. Mtaelezwa alikula nini, lini, na alikuwa na hali gani. Ataziokota kwa vidole. Atakupa. Nyumbani umelipa watu wakuondolee vitu hivi uani. Huku kukataa kuvishika ni ukosefu wa elimu. Shika. Na ukija kuona dukani hereni zenye umbo lilelile, zimepakwa vanishi zinang'aa, usiulize zimetengenezwa kwa nini. Zimetengenezwa kwa hizohizo. Mnunulie wifi yako mmoja tu, yule.

Suala la choo halimo kwenye kijitabu, kwa hiyo nilieleze mimi. Hakipo. Unatakiwa kwenda mbali na maji, mbali na kikundi lakini si mbali kiasi cha dubu, kuchimba shimo, kulifukia, na karatasi unarudi nayo kwenye mfuko. Utaambiwa pia ujisitiri. Angalia pande zote: mti mrefu kuliko yote mpaka upeo wa macho unakufikia kwenye goti. Hii ndiyo saa ambayo kikundi kizima, bila kuambizana, hugeuka kuutazama upande wa pili kwa hamu kubwa ya jiografia. Na hii ndiyo saa ya kanga. Mbili, zikishikwa na watu wawili, ni chumba kamili chenye mlango. Binti wa Ohio atakuwa wa kwanza kuomba, kisha mama yake. Wa tatu atakuja kiongozi mwenyewe, kofia mkononi. Ile sura ya huruma ya asubuhi itafute sasa, huioni. Mwonye Bibi asitoze.

Chakula ni kifupi. Kila mlichokuja nacho kinarudi, hata ganda la chungwa, hata mfupa wa kuku wa pilau ambao nyumbani ungemtupia paka. Sambusa zifungwe zisinuke. Harufu ya sambusa iliyofungwa vizuri ni harufu ya sambusa, lakini sheria ni kufunga. Matunda madogo ya buluu ya porini mnaruhusiwa kuchuma na kula, yakiiva Agosti. Ninyi mmekuja Juni.

Kisha, pale ulipokwisha kata tamaa, kiongozi atainua mkono na kunong'ona kwa nguvu: "Caribou!" Bibi, aliyelelewa Tanga na hajawahi kuliacha neno hilo lipite bure, ataitika kwa sauti iliyojaa: "Starehe!"

Usicheke. Huna muda. Kiongozi atauliza Bibi amesema nini, na itabidi ueleze, mbele ya watu kumi na kundi la wanyama wenye pembe, kwamba kwa lugha yenu yeye kiongozi amemkaribisha Bibi ndani. Jina lao hao wanyama lilitoka kwa Wamikmaki wa mashariki ya Kanada, likiwa na maana ya mwenye kuparua theluji kwa kwato, jamaa asiyehusiana nasi kwa lolote. Lakini mwambie hivyo Bibi. Kwake yeye mnyama amesimama kizingitini kwake, ametaja ukaribisho kwa Kiswahili fasaha, na sasa watu wanamzuia asisogee. Maana sheria inadai mita 23 kati yako na caribou, na mita 275 kati yako na dubu, yaani viwanja viwili na nusu vya mpira. Bibi atauliza kama wenye nyumba hawataki wageni, kwa nini wanapita wakisema karibu siku nzima. Hapa sina ushauri.

Dubu akitokea, usikimbie. Kukimbia kunamkumbusha jambo. Simama pamoja na wenzako, punga mikono polepole, rudi nyuma kidogo kidogo ukizungumza naye kwa sauti ya utulivu. Lugha haijatajwa kwenye maelekezo. Bibi anapendekeza "Samahani mzee, tunapita tu," nami sijaona maneno bora zaidi. Akikufikia, kama ni dubu wa kahawia, lala kifudifudi, fumbata shingo kwa mikono, ujifanye maiti. Kama ni dubu mweusi, pigana. Rangi isikudanganye, wapo dubu weusi wenye manyoya ya kahawia. Tafuta nundu begani kama ya ng'ombe wetu wa kienyeji: mwenye nundu ndiye wa kujifia. Lakini mbele yako akiwa moose, hasa mwenye ndama, kanuni inageuka kichwa chini: kimbia, zunguka nyuma ya mti kama upo, na endelea kukimbia. Huyu mla majani hujeruhi watu wengi Alaska kuliko dubu, na hana umaarufu wowote wa kumlipa kwa kazi hiyo. Kwa muhtasari, mla nyama msimamie, mla majani mkimbie. Miguu yako imezoea kinyume chake na haitashauriana nawe.

Utaambiwa, kwa fahari, kwamba mbu wa Alaska hawana malaria. Ni kweli. Mbu wa kwetu walau ana ugonjwa wa kufikisha. Huyu anauma kwa kupenda. Wanakuja Juni na Julai wakiwa wingu, na wanajua mahali soksi inapoishia. Kuna vyandarua vidogo vya kuvaa kichwani. Umelala ndani ya chandarua maisha yako yote, sasa utatembea nacho. Chai usijaribu kunywa kabla ya kukivua. Utajaribu.

Watoto, kwa upande wao, wamepewa kijitabu cha kujaza. Wakikimaliza wanainua mkono wa kulia, wanaapa kulilinda pori, na kupewa beji ya askari mdogo wa hifadhi. Ukipiga picha wakati huo utapata kumbukumbu ya mwisho ya mwanao akiwa raia wa kawaida. Kuanzia hapo ni afisa. Atakukamata kwa kukanyaga kuvu za mwambani zinazoota milimita chache kwa mwaka. Atakusomea habari za chura wa misituni anayeganda kama jiwe wakati wa baridi, moyo ukasimama, kisha masika akayeyuka na kuruka. Na atataka kujua mbele ya Bibi kama katikati hapo alikuwa amekufa au hajafa. Mpe chura muda. Muhimu zaidi, mtoto mwenye beji ataona ukalimani wa Bibi ni sehemu ya majukumu yake, na hutakuwa na nguvu ya kumpinga, maana kufikia hapo utakuwa kwenye kiti cha basi umevua buti moja na kushindwa kuvua ya pili.

Limebaki la mlima. Una mita 6,190, ndio mrefu kuliko yote Amerika Kaskazini, mita karibu mia tatu juu ya Kilimanjaro. Hilo wasilisikie Moshi. Wakoyukoni, wenyeji wa asili wa huko, waliuita jina lenye maana ya ulio juu, ndilo hilo Denali. Serikali ikauita McKinley, mwaka 2015 ikarudisha Denali, na 2025 ikarudisha McKinley, wakati hifadhi iliyouzunguka imebaki kuitwa Denali. Wewe mgeni usiingie humo. Sema "mlima" tu, kama wenyeji, ambao husema mlima umetoka, au haujatoka. Watu wa Moshi mnalielewa hilo bila mkalimani. Kwa siku nyingi haujatoka: kati ya wageni watatu, mmoja hivi ndiye huuona, wengine hununua picha yake. Usimuulize kiongozi uko wapi. Ataonyesha wingu kwa upole.

Kwa hiyo mtarudi na basi, mmelowa, mmevimba, mlima haujatoka. Karibu na mwisho wa safari mtu atapaza sauti, basi litasimama, na abiria wote watalundikana dirisha la kushoto kumtazama kindi wa ardhini amesimama kwa miguu miwili. "Bibi," atasema afisa mwenye beji, "saa tisa!" Na utasikia vizuri kosa likitendeka, lakini utakuwa umeshika soksi.

Usiku, jua likiwa dirishani, mkila pilau kwa shemeji, mtaanza kulalamika kwamba mmesafiri kote huko na mlima msiuone. Bibi atatafuna kwanza, ameze.

"Ule mweupe, wa upande wangu, nyuma kidogo?" atauliza. "Nilidhani mmeshauona. Nikaona mnashughulika na panya."